Maendeleo, mila na demokrasia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tanga

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayojirudia katika mazungumzo ya uraia hapa Tanga, kuanzia Ngamiani na Makorora hadi Pongwe, Muheza na Pangani. Anayeuliza huwa ni mwanafunzi wa kidato cha sita, mama wa kikoba, mzee aliyestaafu reli au kijana wa bodaboda. Nimejibu kadiri ninavyoelewa, na penye msimamo wangu nimeusema waziwazi.

Nani alisema kwanza kwamba maendeleo huleta demokrasia?

Wazo ni la zamani, ila aliyelitia kwenye namba ni Seymour Martin Lipset, mwanasosholojia wa Marekani, katika makala yake ya 1959. Alilinganisha nchi za Ulaya na za mabara ya Amerika kwa kipato, viwanda, elimu na idadi ya watu wanaoishi mijini. Akaona kuwa zile zenye demokrasia imara zilikuwa mbele katika karibu kila kipimo. Maelezo yake ni haya: nchi ikitajirika tabaka la kati hukua, watu husoma, huingia kwenye vyama vyao wenyewe, na uhasama kati ya aliyenacho na asiyenacho hupungua makali.

Katika hoja zake ipo moja ninayoiona nzito kuliko nyingine. Penye utajiri mwingine nje ya serikali, mwanasiasa akishindwa uchaguzi bado ana maisha. Anarudi kwenye biashara yake, kwenye ofisi yake ya uwakili, kwenye shamba lake. Pale ambapo cheo ndiyo njia pekee ya kupata nyumba, gari na ada za watoto, nani atakubali kushindwa kwa moyo mweupe? Ukiielewa hoja hii, utaelewa kwa nini baadhi ya uchaguzi mdogo wa udiwani hugeuka vita.

Utamaduni unaingia wapi hapo?

Hapa ndipo anapokuja Ronald Inglehart, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan aliyefariki 2021. Mwaka 1971 alichapisha makala iliyotokana na mahojiano ya watu wa Ulaya Magharibi. Kila mtu alipewa malengo manne ya nchi achague mawili: kulinda utulivu, kuwapa wananchi sauti zaidi katika maamuzi ya serikali, kupambana na kupanda kwa bei, na kulinda uhuru wa kusema. Wazee waliopitia vita na njaa walielekea kwenye utulivu na bei. Vijana waliokulia kwenye shibe baada ya 1945 walielekea zaidi kwenye sauti na uhuru.

Maelezo yake yana sehemu mbili. Kwanza, binadamu hukitukuza kilicho adimu kwake. Pili, kinachomkaa ni kile alichokikosa au alichokizoea alipokuwa anakua, si hali ya mfuko wake leo. Ndiyo maana tunu za jamii, yaani mambo ambayo watu huyathamini, hubadilika polepole, kizazi kimoja kikipisha kingine, hata kama uchumi umepaa ndani ya miaka michache.

Kuanzia 1981 kazi hiyo ilipanuka ikawa Uchunguzi wa Tunu Duniani, na kwa miaka yote hii umefika katika nchi zaidi ya 100. Tanzania ilihojiwa 2001. Inglehart na mwenzake Christian Welzel waliziweka nchi kwenye ramani yenye mistari miwili. Mmoja unatoka kwenye mila na dini kuelekea fikra za kidunia. Mwingine unatoka kwenye tunu za kunusurika, yaani usalama wa mkate na wa roho kwanza, kuelekea tunu za kujiamulia: uhuru wa mtu kuchagua maisha yake, kuwaamini watu asiowajua, kumvumilia aliye tofauti, kudai sauti.

Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba, kwa hesabu zao, viwanda peke yake haviwapeleki watu kwenye kujiamulia. Zama za viwanda hubadilisha mstari wa kwanza: mamlaka yanahama kutoka kwa kasisi na mzee kwenda kwa mhandisi na afisa, lakini mtu bado anatii kengele. Mstari wa pili husogea baadaye, kazi za elimu na huduma zinapoongezeka na kumtaka mtu atumie akili yake mwenyewe kila siku. Ndiyo maana nchi zenye viwanda vikubwa ziliweza kuwa za kidikteta bila shida yoyote.

Jaribu lile swali la malengo manne nyumbani kwako. Nikiliuliza kwenye mazungumzo, wanaokumbuka foleni za sukari na sabuni za miaka ya 1980 hawachelewi kutaja bei. Na siwalaumu.

Basi tungoje tutajirike kwanza, demokrasia itakuja yenyewe?

Hapana, na swali hili linanigusa kwa sababu ni hoja iliyowahi kutumika dhidi yetu.

Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959, Mwafrika hakupiga kura kwa sababu tu ni mtu mzima. Alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo kilichotambuliwa. Tena kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Kuli wa bandari, manamba kwenye mkonge na mkulima wa Lushoto waliambiwa, kwa maneno ya adabu, kuwa hawajakomaa. TANU ilikubali kuingia katika uchaguzi ule baada ya mjadala mkali wa Tabora, ikashinda, na katika miaka michache tu ile sifa ya kipato ikawa imezikwa. Wananchi wale hawakutajirika kati ya 1958 na 1962. Walibaki vilevile walivyo na wakapiga kura.

Ushahidi wa dunia nao unaikataa hoja ya kungoja. India ilipata uhuru 1947 na imekuwa ikichagua serikali tangu uchaguzi mkuu wake wa kwanza wa 1951 na 1952, wakati wengi wa watu wake walikuwa hawajui kusoma. Botswana ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani ilipopata uhuru 1966, nayo haijawahi kupinduliwa.

Wapo waliokaa na takwimu wakalichambua suala hili hasa. Adam Przeworski na Fernando Limongi walifuatilia nchi 135 kati ya 1950 na 1990, wakasema tutenganishe mambo mawili: demokrasia kuzaliwa, na demokrasia kudumu. Hawakuona kwamba utajiri huizaa. Udikteta hufa kwa sababu nyingi: vita, kifo cha mtawala, migomo, wakubwa kugombana wao kwa wao. Lakini ikishazaliwa, kipato huilinda. Katika miaka yao hakuna demokrasia iliyoanguka katika nchi yenye kipato cha mtu mmoja kilichozidi kile cha Argentina ya 1975. Wengine, kama Carles Boix na Susan Stokes, waliwapinga 2003 wakisema utajiri husaidia hata kuzaa. Kisha 2008 Daron Acemoglu na wenzake wakaonyesha kuwa ukizingatia historia ya kila nchi, uhusiano wa kipato na demokrasia karibu unatoweka. Mabishano hayajaisha, ila kutoka kwa hao wote hutapata ruhusa ya kumwambia maskini angoje.

Tuliingia uchumi wa kati 2020. Mbona sioni tofauti kwenye siasa?

Benki ya Dunia ilitupandisha Julai 2020 katika ngazi ya chini ya uchumi wa kati. Hilo ni wastani wa pato. Wastani hauhudhurii mkutano wa mtaa. Hata kwa nadharia ya Inglehart mwenyewe, matokeo ungeyatafuta kwa watoto wanaokulia katika hali hiyo mpya, na wengi wao bado wako shule ya msingi.

Tanga ilikuwa na reli, bandari na viwanda kabla ya mikoa mingi. Je, ilikuwa na demokrasia zaidi?

Nalipenda swali hili kuliko yote.

Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga 1893, ikafika Moshi 1911. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1890, ukaanza na miche michache iliyonusurika safari na kupandwa karibu na Pangani. Tanga ilikuwa na shule ya serikali ya Wajerumani na gazeti la Kiswahili, Kiongozi, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ukichukua vipimo vya Lipset, yaani reli, shule, mji na gazeti, tulikuwa tunavitimiza kimoja baada ya kingine. Na bado hapakuwa na chembe ya demokrasia. Palikuwa na kiboko, kodi na kazi za shuruti. Abushiri aliyeongoza upinzani wa pwani alinyongwa Pangani Desemba 1889, na reli ikafuata. Usasa ulikuja mkononi mwa mtu mwenye bunduki.

Ila vitu hivyo havikubaki mikononi mwa waliovileta. Karani aliyefundishwa kuandika ili atunze daftari la kodi alijua pia kuandika barua ya malalamiko. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake waliunda hapa Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali, Wakristo kwa Waislamu pamoja, na mara nyingi hutajwa kuwa chama cha kwanza cha aina hiyo nchini. Chama cha Waafrika cha Dar es Salaam kilikuja 1929. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma 1939. Kwenye mkonge, watu waliokuwa wameletwa kutoka mbali, kila mmoja na lugha yake, walijikuta wakila posho moja na kulalamikia mnyapara mmoja. Kufikia 1958 shamba la Mazinde lilikuwa na mgomo uliozungumzwa nchi nzima.

Wala tusidhani darasa lilikuwa ofisini na kiwandani tu. Vyama vya ngoma ya beni vya Marini na Arinoti, vilivyoenea pwani nzima tangu enzi za Wajerumani, vilikuwa na viongozi wenye vyeo, michango, mazishi ya pamoja na ugomvi wa pesa uliosikilizwa mbele ya wanachama. Vikundi vya taarabu na klabu za mpira viliendelea hivyohivyo. Mtu aliyemuuliza mweka hazina wa chama cha ngoma "pesa ya nguo mpya iko wapi?" alikuwa anajifunza jambo ambalo hakuna mtawala wa wilaya aliyetaka alijifunze.

Huo ndio msimamo wangu katika ukurasa huu wote. Kinachojenga demokrasia ni mazoea ya kuulizana hesabu. Maendeleo husaidia yanapowapa watu mahali pa kuyazoea na kipato cha kuwafanya wasinunulike kwa urahisi. Yasipowapa hayo, ni majengo.

Na historia yetu ina mkasa mwingine unaomsumbua Lipset. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka na kuongoza duniani. Nyuzi za plastiki zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa 1967, uzalishaji ukaporomoka hadi kufikia tani 20,000 hivi mwishoni mwa miaka ya 1990. Viwanda vya mjini navyo vikaanza kufunga milango. Sasa angalia tarehe. Mfumo wa chama kimoja uliwekwa kwenye katiba 1965, mkonge ukiwa kileleni. Vyama vingi vilirudi 1992, Tanga ikiwa hoi. Kama kipato ndicho kingekuwa kinaongoza mambo, ingekuwa kinyume. Haikuwa sisi tu: Benin, Zambia na Malawi zilifungua milango kati ya 1990 na 1994 uchumi ukiwa taabani, kwa sababu hazina zilikuwa tupu, Vita Baridi vimekwisha na watu wamechoka.

Ni kweli wananchi wenyewe walikataa vyama vingi?

Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi 1991. Karibu wanne katika kila watano waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na serikali ikakubali.

Wengine husema hapo ndipo ilipodhihirika kuwa demokrasia haimo katika mila zetu. Mimi nasoma tofauti. Sehemu kubwa ya waliotaka chama kimoja walitaka kirekebishwe: viongozi wawajibike, kofia mbili (mtu mmoja kushika cheo cha chama na cha serikali) zipungue, mtu aweze kukosoa. Walikuwa wanaogopa vurugu walizozisikia kwa majirani, na hofu hiyo ilikuwa na haki yake. Nani angechagua mlango asioujua huku jirani yake anaungua? Na tume ya Nyalali ilifanya jambo la busara kutompuuza yule mmoja kati ya watano. Haki ya kuunda chama haipaswi kusubiri wengi waipende.

Demokrasia si ya Wazungu? Wazee wetu walikuwa na mabaraza yao.

Walikuwa nayo. Mwalimu Nyerere alipenda kunukuu maneno kwamba wazee hukaa chini ya mti mkubwa wakazungumza hadi wakubaliane. Kuna ukweli mwingi pale. Kusikilizana mpaka mwisho ni ustadi ambao mabunge mengi yameupoteza.

Lakini tuulize waliokuwa wamesimama nje ya kivuli cha mti huo. Pwani yetu ilikuwa na mabwana na watumwa. Mwanamke alisemewa na mume au kaka. Kijana alisubiri mvi. Makubaliano ya waliokaa hayakuwa makubaliano ya wote, na mfumo wa chama kimoja ulipoazima picha ya mti ule uliazima pia ukimya wa waliokuwa nje yake. Hilo lazima lisemwe hata kama tunampenda Mwalimu, nami nampenda.

Upande wa pili wa sarafu uko Usambara. Tangu 1946 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa Mlalo wa kuzuia mmomonyoko, ukiwalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye miteremko. Mpango ule ulikuwa wa kisasa kabisa, umepangwa na wataalamu. Wakulima waliukataa kwa nguvu katika miaka ya 1950, na TANU ikapata wanachama wengi milimani kupitia hasira ile. Walipobishana kuhusu machifu walitumia lugha yao ya zamani: mtawala mwema huiponya nchi, mbaya huiharibu. Hicho ni kipimo cha uwajibikaji kilichotoka ndani ya mila, na kilitumika kudai mambo mapya kabisa. Kwa hiyo ninaposikia mtu anaweka mila upande huu na demokrasia upande ule, namkumbusha matuta.

Je, Uislamu unapingana na demokrasia?

Pippa Norris na Inglehart walilitazama swali hili mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kutumia takwimu za nchi nyingi. Waliona kwamba watu wa jamii za Kiislamu waliunga mkono demokrasia kwa kiwango karibu sawa na watu wa nchi za Magharibi. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye usawa wa mwanamke na mwanamume na mambo ya familia. Hapa Tanga misikiti na makanisa yanatazamana barabarani, na wanaokwenda huku na kule wamepanga foleni moja kituo cha kupigia kura. Sioni sababu ya kuongeza zaidi.

Kwa nini mambo ya wanawake yanaingizwa kwenye mjadala huu kila mara?

Kwa sababu katika takwimu zile, mtazamo juu ya usawa wa wanawake ni miongoni mwa dalili zinazotabiri vizuri demokrasia ya nchi, kuliko hata jibu la swali "je, unaipenda demokrasia?" Hilo la kupenda demokrasia karibu kila mtu duniani hulijibu ndiyo, hata kwenye nchi ambazo hazijawahi kuionja. Maneno ni rahisi. Ukimuuliza baba kama binti yake anaweza kumkatalia mchumba, hapo ndipo unapoona anachoamini kuhusu mamlaka.

Tuna mfano wetu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, au 14 kwa ruhusa ya mahakama, huku umri wa kawaida wa mvulana ukiwa 18. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, ikaamua 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba. Mwanasheria Mkuu alikata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa hiyo 2019. Mwanamke mmoja na mahakama walitangulia mbele ya mila za wengi, na tangu hapo nimesikia mijadala ya harusini ambayo zamani isingefunguliwa. Sheria nayo hufundisha. Tunu hazisubiri uchumi peke yake.

Nikimlea mwanangu awe mwulizaji, si nitamharibu adabu?

Mama mmoja aliuliza hivi Makorora na ukumbi ukanyamaza, kwa hiyo nitajibu kwa uzito wake.

Uchunguzi ule wa tunu una swali la aina hiyo hasa. Mzazi anapewa orodha ya sifa za mtoto, zikiwemo utii, imani ya dini, kujitegemea, kutokata tamaa, bidii, uvumilivu, achague zisizozidi tano. Watafiti hutumia majibu kupima kama jamii inaelekea kwenye utii au kujiamulia. Ninaelewa kwa nini, ila nadhani kipimo hiki kinawadhulumu watu wa pwani. Kwetu mtoto anayesema "shikamoo" na kungoja azungumzishwe anaweza, akishazungumzishwa, kukuuliza swali linalokunyima usingizi. Adabu ni namna ya kufika kwenye swali. Kinachoharibu ni pale adabu inapotumiwa kufunga mdomo: "Mkubwa hakosei." Mkubwa hukosea, na mtoto anajua.

Mfundishe aanze na "samahani" kisha aulize hadi mwisho. Asiishie kwenye samahani.

Vijana wote wana simu. Si ndiyo usasa wenyewe?

Simu imewapa watu wengi sauti, na nimeona kundi la WhatsApp la mtaa likimlazimisha mtu aeleze zilikokwenda fedha za taa. Lakini njia hiyo inaweza kufinywa na sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa 2015, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka hata mwandishi wa blogu binafsi awe na leseni ya mamilioni ya shilingi. Blogu kadhaa nilizozipenda zilifungwa mwaka ule na hazikurudi.

Singapore na China zimeendelea bila demokrasia. Mnasemaje?

Tunasema ni kweli, na nadharia lazima iishi na ukweli huo. Lakini Korea Kusini na Taiwan nazo ziliendelea chini ya watawala wa mkono wa chuma, kisha wananchi wake waliosoma wakadai kura: Korea mwaka 1987, Taiwan ikamchagua rais moja kwa moja 1996. Kuna pia Brazil na Argentina, ambako majeshi yalichukua nchi 1964 na 1966 katikati ya ukuaji wa viwanda. Guillermo O'Donnell wa Argentina alieleza vizuri jinsi wataalamu na wanajeshi walivyoungana kuzima vyama vya wafanyakazi. Na Ujerumani ya 1933, mwaka Hitler alipochukua madaraka, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosoma zaidi duniani. Usasa hutoa uwezo. Hauchagui utatumiwa na nani.

Bomba la mafuta la Chongoleani litatubadilisha?

Bomba linatoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443. Nchi zinazoishi kwa kuuza mafuta mara nyingi zimebaki na watawala wasioulizwa, kwani serikali isiyotegemea kodi ya raia haina haja ya kubembeleza raia. Sisi si wenye mafuta hayo, tunapitisha, hivyo hatari hiyo kwetu ni ndogo. Ninachokitazama mimi ni cha karibu zaidi: fidia zililipwaje, ajira zinagawiwaje, na halmashauri inataja mapato hayo mbele ya nani.

Kwa hiyo lipi linaanza, tunu au taasisi?

Edward Muller na Mitchell Seligson walitoa hoja 1994 kwamba watu kuaminiana ni tunda la kuishi muda mrefu chini ya demokrasia, na siyo mbegu yake. Welzel na Inglehart walijibu kwamba tunu hutangulia. Kwetu tuna jaribio ambalo halikupangwa. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa 2016, zuio likaondolewa Januari 2023. Katikati hapo wananchi walikuwa walewale, mila zilezile, kipato kilekile. Kilichobadilika ni ruhusa, na viwanja vikajaa tena. Anayesema Watanzania hawapendi siasa kwa asili aeleze viwanja vile.

Na huko Ulaya na Marekani, mbona demokrasia inayumba wakati ni matajiri?

Norris na Inglehart waliandika 2019 kwamba mabadiliko ya tunu yenyewe yamewafanya watu wa rika la wazee na wa vijijini wajione wageni katika nchi zao, wakawapa kura wanaowaahidi kurudisha zamani. Tuongeze kazi za viwandani zilizopotea. Tanga tunajua mji uliofungiwa viwanda unavyonuna.

Kijijini kwetu mkutano mkuu haujaitishwa muda mrefu. Tufanye nini?

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, nao unapaswa kukutana kila miezi mitatu. Haufanyiki kwa hisani ya mwenyekiti. Mamlaka yake yametoka kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate idhini ya mkutano huo kabla ya kugawa ardhi. Kwa hiyo shamba lililogawiwa bila mkutano ni la kuhojiwa.

Andikeni barua kwa mwenyekiti na nakala kwa mtendaji wa kijiji, isainiwe na watu wengi kadiri iwezekanavyo, wanawake na vijana wakiwemo. Msiweke matusi wala chama cha mtu. Ombeni mambo mawili tu: tarehe ya mkutano, na taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Isipojibiwa, nakala ifike kwa mtendaji wa kata na diwani, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa kila mnapoifikisha. Na mkutano ukiitishwa, nendeni mapema mkae mbele, kwa sababu ajenda ya fedha mara nyingi huwekwa mwisho, watu wakiwa wameanza kuondoka kwenda kupika.